Vijiti vya Lontulu na etiketi za magunia: miaka 140 ya sheria za biashara juu ya Congo



Kuna swali linalorudi mara nyingi ninapozungumza na familia zilizokimbia vita. Mtu anasema: kila gunia la koltani lilifungwa etiketi, kile kipande cha plastiki chenye namba. Tuliambiwa etiketi ile itazuia madini yasilishe vita. Etiketi zilikuja, vita haikwisha, na leo tunalala chini ya bashi. Sasa sheria hizo zilikuwa za kumlinda nani?

Swali hilo lina historia ndefu. Masharti ya kulinda watu na mazingira ndani ya mikataba ya biashara hayakuanza na simu za mkononi. Juu ya Congo yalianza miaka 140 iliyopita, na ukiyafuata tangu mwanzo unaona kosa lile lile likirudi. Unaona pia kwamba mara chache sheria hizo zilifanya kazi, na sababu yake.

Berlin, 1885

Kuanzia Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, wajumbe wa nchi 14 walikaa Berlin, Ujerumani. Shuleni tulifundishwa kwamba pale ndipo wazungu waligawana Afrika. Lakini karatasi waliyotia sahihi ni mkataba wa biashara kwanza kabisa. Kifungu cha kwanza kinasema biashara katika bonde la mto Congo itakuwa huru kwa mataifa yote. Kifungu cha tano kinakataza kumpa mtu au kampuni haki ya kufanya biashara peke yake. Na kifungu cha sita kinasema watawala wote watalinda maisha ya wenyeji, wataboresha hali yao, na watasaidia kukomesha utumwa na biashara ya watumwa.

Kwa maneno ya leo, huo ni mkataba wa biashara wenye masharti ya haki za watu. Maneno yake ni mazuri. Lakini hakukuwa na Mkongomani hata mmoja kwenye meza ile, na hakuna mstari uliosema mwenyeji akionewa ampelekee nani malalamiko yake.

Mwaka huo huo Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alijitangaza mtawala wa Dola Huru la Congo. Mwaka 1887 mtu wake, Stanley, alifanya mapatano Zanzibar na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye misafara yake ilisaidia kuileta lugha hii tunayozungumza hadi upande wetu wa mashariki. Leopold akamfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya ahadi ya kukomesha biashara ya watumwa.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mkataba mwingine, Brussels, wa kupiga vita biashara ya watumwa. Leopold alidai kwamba kazi hiyo inahitaji pesa. Akaruhusiwa kutoza ushuru wa hadi asilimia 10 kwa bidhaa zinazoingia Congo, jambo ambalo Berlin ililikataza. Kwa hiyo sharti lililoandikwa kwa jina la wanyonge lilimpa pesa yule yule aliyekuja kuwatesa.

Mpira, mikono na vitabu vya meli

Mwaka 1888 Dunlop alitengeneza tairi la upepo, na mpira ukatafutwa dunia nzima. Misitu ya Congo ilikuwa na mpira wa mwitu. Kuanzia mwaka 1891 amri za Leopold zilifanya mpira na pembe kuwa mali ya dola au ya makampuni aliyoyapa vibali. Kifungu cha kwanza na cha tano vya Berlin vilivunjwa hapo, na cha sita kikafuata. Kila kijiji kilipewa kiasi cha mpira cha kuleta. Wanawake walifungwa mpaka waume zao warudi na mpira. Askari walidaiwa ushahidi wa kila risasi waliyotumia, na ushahidi huo ulikuwa mkono wa mtu uliokatwa.

Ulaya haikuyajua mambo haya kwa kuwa wakaguzi walikuja. Aliyeyatangaza kwa nguvu ni karani mmoja, Edmund Morel, aliyefanya kazi katika kampuni ya meli ya Liverpool na kutumwa mara kwa mara bandarini Antwerp. Aliona meli zikifika kutoka Congo zimejaa mpira na pembe. Zikirudi, zilibeba zaidi maofisa, bunduki na risasi. Akajiuliza: kama hii ni biashara, bidhaa za kuwalipa watu ziko wapi? Kwa kusoma hesabu za mizigo tu, alielewa kwamba watu kule hawalipwi, wanalazimishwa.

Mwaka 1903 bunge la Uingereza lilipitisha azimio juu ya Congo. Balozi mdogo Roger Casement alipanda mto kwenda kujionea, na ripoti yake ikatolewa mwanzoni mwa 1904. Tuseme ukweli wote: wafanyabiashara wa Liverpool waliunga mkono kelele hizo kwa kuwa nao walikuwa wamefungiwa mlango. Kifungu cha wenyeji kilikumbukwa vizuri zaidi pale kifungu cha wafanyabiashara nacho kilipovunjwa. Hilo tutalikuta tena mbele.

Leopold alibanwa, akatuma tume ya wanasheria watatu, Mbelgiji, Mwitalia na Mswisi. Walisikiliza watu Congo kuanzia mwishoni mwa 1904 hadi mwanzoni mwa 1905. Mbele yao alifika chifu Lontulu wa Bolima. Aliweka mezani vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa kwao aliyeuawa kwa sababu ya mpira. Alivigawa katika mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akataja majina, kijiti kimoja baada ya kingine.

Tume ile wengi walidhani itamsafisha mfalme. Haikuweza. Ripoti yake ya 1905 ilikiri maovu, ingawa maneno ya mashahidi wenyewe hayakuchapishwa, yalifungiwa kwa miaka mingi katika hifadhi za nyaraka za Ubelgiji. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Congo na ikawa koloni la Ubelgiji. Kazi za lazima hazikuisha siku hiyo, kama wazee wetu waliolimishwa pamba kwa nguvu walivyosimulia. Lakini mateso ya mpira yalipungua. Yalipungua kwa sababu hesabu mbili zilikutana: Morel alihesabu mizigo, Lontulu alihesabu watu.

Kutoka mpira hadi koltani

Sasa tuvuke karibu karne moja. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafula duniani, kwa sababu ya viwanda vya vifaa vya elektroniki. Kivu ilikuwa vitani. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliunda jopo la wataalamu, na ripoti zao zilionyesha jinsi majeshi na makundi yenye silaha yalivyokuwa yakiishi kwa madini yetu. Mwaka 2003 ulianza mpango wa Kimberley wa kuzuia almasi za vita. Juu ya madini ya Kivu, hakukuwa bado na sheria yenye meno.

Mikataba ya biashara nayo ilikuwa inabadilika. Mkataba wa Cotonou, uliotiwa sahihi mwezi Juni 2000 kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, Congo ikiwemo, uliweka haki za binadamu kuwa msingi wa ushirikiano, na ulikuwa na vifungu juu ya biashara na mazingira, na biashara na haki za wafanyakazi. Marekani ilikuwa na sheria yake ya AGOA, inayofungulia bidhaa za Afrika soko bila ushuru kwa masharti ya utawala bora na haki za binadamu. Congo iliondolewa humo kuanzia Januari 2011 na ikarudishwa Januari 2021. Miaka kumi nje. Ni wangapi kati yetu tulijua kwamba tumeadhibiwa? Adhabu ile ililenga serikali. Mtu wa kijijini hakuulizwa kabla, wala hakuelezwa baadaye.

Sheria ya Obama

Tarehe 21 Julai 2010 raisi Barack Obama alitia sahihi sheria kubwa ya mabenki ya Marekani. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 1502, juu ya bati, tantalum itokayo katika koltani, tungsten na dhahabu. Kivu nzima iliiita sheria ya Obama.

Tuielewe vizuri, kwa sababu ilisemwa vibaya. Sheria ile haikukataza kununua madini ya Congo. Ilitaka makampuni yaliyoandikishwa katika soko la hisa la Marekani yachunguze na yatangaze kama madini yao yanatoka Congo au nchi jirani, na kama yanalisha makundi yenye silaha. Lakini wanunuzi wengi wa nje waliona njia rahisi ni kuacha kununua kabisa. Na mwezi Septemba 2010 raisi Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Marufuku hiyo iliondolewa Machi 2011, lakini wanunuzi walichelewa kurudi.

Wenye umri wanakumbuka. Mchimbaji alikosa bei. Mama aliyepika fufu na maharagwe karibu na mashimo alikosa wateja. Watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa pesa za masomo. Mwenye silaha, yeye, alihamia kwenye dhahabu, ambayo hufichika mfukoni, au kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka 2014 watafiti na viongozi wapatao 70, Wakongomani na wageni, waliandika barua ya wazi wakisema kwamba mpango wote ulifanywa bila kuwasikiliza wenyeji, na kwamba umewaumiza watu uliodai kuwatetea.

Haki itendeke kwa pande zote: si kila kitu kilikuwa bure. Katika migodi mingi ya bati na koltani, wenye silaha walipungua katika miaka iliyofuata. Wachimbaji walianza kujiunga katika koperativa. Mwezi Desemba 2010 viongozi wa nchi za Maziwa Makuu walikutana Lusaka na kukubaliana juu ya cheti cha madini cha kanda. Migodi ikaanza kukaguliwa na kupewa rangi: kijani, manjano, nyekundu. Na etiketi zikafika.

Etiketi inajua nini?

Etiketi inafungwa kwenye gunia pale mgodini. Namba yake inaandikwa kitabuni, pamoja na uzito na mahali. Gunia likifika kwa negosianti, namba nyingine inaandikwa. Hivyo hivyo mpaka nyumba ya kuuza nje. Ni kazi ya hesabu, kama ile ya Morel bandarini, na si kazi ndogo.

Lakini etiketi inafuata gunia. Haimfuati mtu. Haisemi mchimbaji alilipwa ngapi kwa kilo. Haisemi udongo ulipoporomoka wakati wa mvua ni wangapi walizikwa shimoni. Haisemi mto uliogeuka matope ulikuwa unanyweshwa kijiji gani. Na gharama za mpango wote, ingawa hulipwa kwanza na wanunuzi, mwishowe hushuka mpaka kwenye bei anayopewa mwenye koleo. Tena etiketi inaweza kuuzwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi juu ya madini ya mgodi usioruhusiwa kupewa etiketi za mgodi unaoruhusiwa.

Ulaya nayo ilitunga sheria yake mwaka 2017, ikaanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Januari 2021, juu ya madini yale yale manne. Kisha, Februari 2024, Umoja wa Ulaya ulitia sahihi makubaliano ya madini na Rwanda, kama ulivyofanya na Congo miezi minne kabla. Zaidi ya miezi miwili baadaye M23 waliingia Rubaya, mahali panapokadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwisho wa mwaka 2024 ilisema kundi hilo lilikuwa likikusanya walau dola 800,000 kila mwezi kutokana na koltani ya huko, na kwamba madini hayo yalivushwa na kuchanganywa na ya Rwanda. Goma ikaangukia mikononi mwao mwishoni mwa Januari 2025. Tarehe 13 Februari bunge la Ulaya lilipiga kura kuomba makubaliano yale yasimamishwe. Sheria ya 2017 ilikuwepo siku zote hizo. Kama kule Berlin, kifungu cha biashara kilitembea haraka kuliko kifungu cha watu.

Shamba la kakao la Beni

Wenzetu wa Beni na Ituri, hadithi hii inawahusu kwa njia nyingine. Mwaka 2023 Ulaya ilipitisha sheria juu ya misitu. Inataka kakao, kahawa, mbao, mpira na mazao mengine yasitoke kwenye msitu uliokatwa baada ya mwaka 2020. Muuzaji atatakiwa kuonyesha kwa kipimo cha satelaiti shamba lilipo. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini matayarisho yanaendelea.

Kuutunza msitu ni jambo jema, na mvua zetu zinautegemea. Lakini tunajua yanayotokea Beni. Familia inakimbia mauaji, kakao inabaki imeiva juu ya mti, na mtu mwingine anaivuna na kuiuza. Picha ya satelaiti itaonyesha kwamba msitu haukukatwa. Haitaonyesha kwamba mwenye shamba yuko Oicha au Butembo akiomba chakula. Sheria yenyewe inasema mazao lazima yawe yametoka kihalali, pamoja na haki ya kutumia ardhi. Nani atawaambia Ulaya kwamba kakao ile ina mwenyewe, na mwenyewe hajauza?

Historia inatuachia nini

Narudi kwenye swali la mwanzo. Sheria hizi zilikuwa za nani? Mara nyingi zilikuwa za mnunuzi, ili anunue bila aibu. Hilo si uongo. Lakini si kweli pia kwamba ni makaratasi matupu siku zote. Kifungu cha sita cha Berlin kilikaa karibu miaka ishirini bila kazi. Kilianza kufanya kazi siku watu walipokuja na ushahidi mkononi: vitabu vya meli upande mmoja, vijiti vya Lontulu upande mwingine.

Leo mikataba mipya inatiwa sahihi kwa haraka. Tarehe 4 Desemba 2025, Washington, maraisi wa Congo na Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani, na Congo ikafanya mapatano yake na Marekani ambamo madini yana nafasi kubwa. Mengine yatafuata. Kwa kila mmoja tuwaulize wabunge na viongozi wetu maswali matatu: Nani kutoka kijijini alikuwa mezani? Mtu akionewa atapeleka malalamiko wapi, kwa lugha gani, na atajibiwa kwa siku ngapi? Na mkataba unahesabu nini: magunia peke yake, au na watu?

Upande wetu nao kuna kazi, hata chini ya bashi. Sheria ya Ulaya juu ya misitu inampa mtu au shirika lolote haki ya kupeleka kwa wenye mamlaka wasiwasi wenye ushahidi. Mlango upo, ila hauingiwi mikono mitupu. Kwa hiyo tunza karatasi ya shamba kama unayo. Kama huna, andikeni pamoja na majirani mpaka wa shamba, mwaka mlioanza kulima, miti mingapi, na majina ya mashahidi. Mwenye koperativa atunze kadi na stakabadhi. Waliopoteza ndugu mashimoni waandike jina, tarehe na mahali. Acheni nakala kwa mtu mnayemwamini, parokiani au kwenye shirika la kiraia. Na mtu asihatarishe maisha yake kwa kuandika mbele ya mwenye bunduki. Kinachosubiri kisemwe mahali salama kisubiri.

Lontulu hakuwa na barua ya mwanasheria. Hakuwa na simu. Alikuwa na hesabu ya watu wake, ameitunza, na alipopewa nafasi ya kusema alijua kila kijiti ni cha nani. Zaidi ya miaka 100 imepita na hesabu yake bado inasomwa. Ya kwetu tuianze sasa, wakati majina bado tunayakumbuka.